Karibu ya Nyanzobe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe sita Novemba, mwaka wa tatu wa vita vya Waseleki na Waodra, wakati wanawake wa Kitandala wameshafagia nyua zao na hawajainjika chungu cha mchana. Mlekwa hakuhitaji kuandikiwa tarehe hiyo mahali. Alikuwa juu ya paa la mwalimu mstaafu, misumari mdomoni, akiiwahi mvua. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamejikusanya upande wa magharibi, na kila mwenye bati linalovuja alikuwa amemkumbuka fundi. Ndivyo binadamu alivyo. Kiangazi kizima humwoni. Wingu likitanda anakuita ndugu.

Kutoka huko juu aliiona korongo ikiingia mtaani kwao.

Watu waliiita mashine ile korongo kwa ajili ya miguu yake miwili mirefu, na namna ilivyotembea ikiinua goti kama inayochagua pa kukanyaga kwenye tope. Haikuwa na bunduki. Ilikuwa na kinywa na sikio, basi. Ilikwenda mlango hadi mlango, ikasimama kwa heshima nje ya ua, ikasema kwa sauti ya mtu wa hapahapa, sauti ya jirani mwenye haya aliyekuja kuazima kinu:

"Hodi. Hodi wenyewe."

Kisha ikasubiri.

Ilisubiri kwa sababu ilibidi isubiri. Milki zile mbili zilikuwa zimechomeana miji mpaka zikachoka, lakini hakuna iliyokuwa tayari kumwachia mwenzake nchi za katikati, kuanzia maziwa mpaka nyanda za chumvi. Basi zikaandikiana Mapatano ya Mlango. Hakuna atakayetia mguu mahali mpaka mwenyeji mmoja, mwenye akili timamu, amkubalie kwa kinywa chake na kwa lugha yake. Mmoja tu alitosha. Ikaulizwa mezani: kwa watu hawa, neno la kukubali ni lipi? Na wakubwa wa huku, waliokuwa wamealikwa kwenye meza hiyo, walitafuna, wakameza, wakafuta midomo, wakajibu kwamba neno ni "karibu".

Nyumba ya kwanza hapakuwa na mtu. Ya pili watoto walitimua mbio. Ya tatu ilikuwa ya Mlekwa.

Mkewe, Nyanzobe, alikuwa nyuma ya jiko akipepeta ulezi, mgongo kaupa mlango wa ua. Mlekwa aliuona ungo ukisimama hewani. Hakusikia kilichosemwa, alikuwa mbali, ila aliliona bega la mkewe likigeuka kidogo, kama bega la mtu anayejibu. Hakutazama kwanza ni nani. Kwani nani hutazama? Mtu akibisha unajibu, ndipo unapangusa mikono, ndipo unaangalia umejibu nani.

Korongo iliinamisha kichwa, ikaingia uani.

Hapo mbingu ikafanya kazi yake. Nguzo za Waseleki zilishuka pande zote za mji bila kishindo, nyembamba, nyeupe, na kutoka kila nguzo ukatanda utando unaong'aa kama mafuta ya taa juu ya maji ya dimbwi. Huo ndio mwavuli wao. Kombora likigusa utando ule hutawanyika likawa joto tu, na joto hutelezea pembeni. Ila mwavuli hufunguka kutoka pembeni kwenda katikati, na hauzibi papo hapo. Waodra walilijua hilo. Walikuwa wanatazama kutoka juu kama kawaida yao, na walipoona adui yao amekaribishwa walituma radi moja ipite kwenye tundu la mwisho kabla halijaziba.

Tundu la mwisho lilikuwa juu ya jiko la Nyanzobe.

Mlekwa hakukumbuka aliteremkaje. Alikumbuka misumari, kwamba alifika nyumbani ingali mdomoni. Watu husema tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Watu husema mengi. Nyanzobe hakuwa nyasi. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, asiyependa chai ya jana.

*

Chini ya mwavuli hakukuwa na radi. Hakukuwa na mvua pia.

Hilo hawakuambiwa. Utando haukujua tofauti ya kombora na tone. Mvua ilinyesha kama miaka yote, watu wakaisikia juu yao ikinguruma, wakaiona ikitiririka juu ya ule mng'ao kama juu ya kioo, ikashuka huko ukingoni, nje ya mashamba. Mahali pale maji yanapodondokea watu walipaita mchirizi, kama wanavyoita maji yatokayo kwenye ncha ya bati. Mlekwa ndiye aliyeanza kupaita hivyo, siku moja kwa uchungu, akiwa hana kazi: "Wametuezeka mji mzima bure, wakasahau kuweka mfereji." Jina likashika.

Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Visima vilishuka. Waseleki walileta maji ya bomba, yenye ladha ya sarafu, nayo yalitoka pale tu mji ulipokuwa na adabu. Walioyachoka waliteka mchirizini. Na mchirizi ulikuwa nje ya utando, hatua chache tu, lakini nje. Waodra waliupiga wakati wowote walipojisikia, kwa hoja kwamba wanapiga milki ya adui. Kila mara waliomba radhi kwa maandishi mazuri.

Mlekwa hakuyasoma. Shule aliishia pale mtoto anapojua kuandika jina lake na kuogopa fimbo. Lakini kulikuwa na jambo moja asiloweza kulikwepa, asome asisome. Mapatano yalidai kwamba ridhaa ya mwenyeji itangazwe kila siku mahali palipokubaliwa, ili asije mtu akasema hakujua. Kwa hiyo kila asubuhi, jua likishachomoza, kipaza sauti cha nguzo ya sokoni kilikohoa, kisha sauti ya Nyanzobe ikasema:

"Karibu. Pita ndani."

Maneno hayo tu. Wauza mboga walitema mate chini. Wengine walisema, "Huyo ameamka tena kuuza nchi." Mlekwa alikuwa akisimama nyuma ya duka la chumvi ambako haonekani, anasikiliza, anaondoka. Alichukia kipaza sauti kile kama mtu anavyochukia jipu. Na hakuna asubuhi aliyokosa.

Msimu wa pili wa ukame ulipoingia, diwani alimtembelea. Aliitwa Budodi, na alikuwa mmoja wa wale walioalikwa kwenye meza ya Mapatano. Alikuja na viatu vilivyong'aa, akasimama nje ya ua. Hakubisha. Siku hizo hakuna aliyebisha Kitandala. Watu walikohoa, au walipiga makofi, au walisimama tu mpaka waonekane.

"Mzee Mlekwa," alisema, "habari za hapa."

"Unaziona."

"Naomba tukae."

"Kigoda kiliungua. Kaa chini, Mheshimiwa, au simama. Ardhi ni ya Waseleki, mimi sina neno."

Budodi alichagua kusimama. Alieleza kwamba ombi la mji la kupinga ridhaa ile limekubaliwa kusikilizwa. Mwamuzi wa Mapatano, ambaye si Mseleki wala Modra, atakuja Kitandala kusikiliza kesi ya ridhaa. Ridhaa ikibatilishwa, Waseleki wang'oe nguzo zao, na Waodra nao wasiguse mji; mahali palipobatilishwa huwa nje ya vita kwa milki zote mbili.

"Mvua itanyesha," alisema Budodi. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake nyama.

"Inabatilishwa kwa nini?"

Diwani alivitazama viatu vyake. "Kifungu kinasema mwenyeji mwenye akili timamu. Mwanya uliopo ni huo tu. Na wa kuapa ni mwenzi wa ndoa, maana ndiye anayemjua mtu. Unasimama, unaulizwa kama alikuwa na akili timamu, unajibu kwamba hakuwa nazo. Basi. Sauti yake inafutwa kila mahali, hata kwao, kwa sheria. Hutaisikia tena pale sokoni. Utapumzika, mzee wangu."

Kuku alipita katikati yao akidonoa pasipo na kitu.

"Nyanzobe hakuwa mwehu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Wewe ndiye uliyewaambia karibu ni kukubali."

"Niliulizwa neno nikatoa neno. Wewe ungewapa lipi?"

"Ningewaambia karibu ni adabu. Karibu humwambia hata mtu anayekudai. Unakula ugali wako wa mwisho, mtu anapita njiani, unamwambia karibu chakula, na moyoni unaomba asije. Hilo unalijua, Mheshimiwa, ulilelewa na mama. Ulilisahau ulipoona nyama ya mezani."

"Tulitoa tahadhari baadaye," alisema Budodi, sauti imepungua. "Ofisi yangu ilituma ujumbe kwenye simu zote."

"Shemeji yangu Milembe alinisomea. 'Wananchi mnaaswa kujiepusha na utoaji wa ridhaa ya kimatamshi kwa vyombo vya kigeni.' Nikamuuliza maana yake nini. Akasema labda ni habari za mikopo." Mlekwa alicheka bila kucheka. "Maneno mawili yalitosha. Msiitikie hodi. Lakini hayo si maneno ya ofisini, siyo?"

Budodi alisema tu kwamba kesi ni Ijumaa ijayo, kwenye ghala la tumbaku, na akaondoka kwa mwendo wa mtu anayeogopa kuchafua viatu.

*

Milembe, mdogo wake Nyanzobe, alikuja siku ya pili yake, ndoo kichwani, nguo imeloa mpaka kiunoni. Mlekwa alijua kwa kule kuloa kwamba anatoka mchirizini.

"Umekwenda tena."

"Nimekwenda, shemeji. Nilikwenda na mama Ngolo." Alitua ndoo. Hakukaa. "Nimerudi peke yangu."

Mama Ngolo alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mpika pombe, mwenye mdomo usiokosa la kusema. Mlekwa alitaka kuuliza, akaona maji ya ndoo yalivyo na rangi, akaacha.

"Tulikuwa tunacheka," Milembe alisema. "Alikuwa ananiambia habari za mume wake wa kwanza, yule aliyekuwa akilala na kofia. Tumeinama kuteka. Mimi nikasogea kutafuta kata yangu." Aliionyesha ndoo kwa kidevu. "Sasa ndoo yake nimeileta kwake au nimeileta kwangu, sijui. Nimeileta hapa."

Mlekwa alivuta gunia, akalitandika, akamketisha kwa bega. Walikaa kwa muda wakiisikiliza mvua inayopita juu bila kushuka. Ukiizoea, sauti ile hufanana na ya mtu anayekula mbele yako.

"Diwani alikuja," Milembe alisema.

"Alikuja."

"Amekwambia."

"Ameniambia nimwite dada yako kichaa."

"Basi mwite."

Alimtazama. Alifikiri amesikia vibaya. Kitandala nzima hakukuwa na mtu aliyegombana na watu sokoni kwa ajili ya jina la Nyanzobe kama Milembe. Kuna mwanamke alikuwa bado ana kovu la nyanya aliyopigwa nayo, nyanya mbichi.

"Mwite kichaa, shemeji. Mwite mlevi, mwite mchawi ukitaka. Mimi ni damu yake, nakuruhusu. Yeye amekufa, aibu haimfikii. Sisi kiu inatufikia. Ungemuuliza mwenyewe angekwambiaje? Angesema, 'Sema tu, bwana, kwani watanifukuza kaburini?'"

Ilikuwa kweli. Alimsikia hasa, kwa sauti ile ile. Na hapo ndipo penye mwiba ambao hakuweza kumwonyesha Milembe. Nyanzobe angekubali kuitwa kichaa kwa ajili ya watu, kwa akili zake zote. Mwenye akili za kukubali hivyo ndiye aapiwe hakuwa nazo.

Na kulikuwa na la pili, dogo, la aibu. Akiapa, sauti itafutwa. Wakubwa wamemwachia nini cha mkewe? Kaburi nje ya mji, maana watu walikataa alale ndani. Na maneno matatu kila asubuhi, kwenye kinywa cha adui. Alikuwa anaombwa awape na hayo.

"Nitasema," alimwambia.

"Kweli?"

"Nitasema, Milembe. Maji yamwage hayo. Chukua ya mtungi wangu."

*

Ghala la tumbaku lilijaa mapema. Harufu ya majani ya miaka iliyopita ilikuwa bado imekaa kwenye mbao, na watu walibanana kwenye magunia, wakipepeana kwa makopo yaliyopondwa. Mbele walikaa Waseleki upande mmoja na Waodra upande mwingine, wote wasafi, wote wakiinamiana vichwa kwa adabu. Ungedhani ni harusi. Mlekwa aliwatazama akafikiri kwamba hawa hawachukiani hata kidogo. Kama mafundi wawili wanaogombea paa moja: wakikosa hili watakutana kwa lingine, na mwenye nyumba ndiye wa kunyeshewa.

Mwamuzi alikuwa mwanamke mzee kutoka visiwa vya mbali, mwenye miwani minene. Alijifunza Kiswahili kitabuni, akakisema polepole kama anayevuka mto kwa mawe. Wakili wa Waseleki aliitwa Ivrane. Huyo hakujifunza. Alivaa shingoni koo la shaba, kifaa kilichogeuza lugha yake kikatoa Kiswahili kisicho na kosa wala jasho.

"Mheshimiwa Mwamuzi," Ivrane alisema, "mwenyeji alibishiwa, mwenyeji akaitikia. Ridhaa imetangazwa kila siku tangu hapo. Hatuoni kesi."

"Sauti iliyotangazwa ni yote?" Mwamuzi aliuliza.

"Ni kiini chake."

"Sikuuliza kiini. Mapatano yanasema ridhaa ni maneno ya mwenyeji. Nataka maneno. Nikiambiwa mtu alikuwa na akili au hakuwa nazo, nitajuaje kwa maneno matatu? Yapigeni yote."

Ivrane alisita, kidogo tu, akafanya ishara. Kijisanduku mezani kikakohoa, na ghala likasikia kwanza ule mlio wa ulezi kwenye ungo, chwa, chwa, chwa. Mlekwa hakuwa amejiandaa kwa ungo. Kisha ile sauti ya jirani mwenye haya: "Hodi. Hodi wenyewe." Ungo ukanyamaza.

"Karibu. Pita ndani, usisimame juani. Kaa hapo kwenye kigoda. Ngoja nikupe maji unywe, kisha uendelee na safari yako. Wewe ni wa wapi, mbona viatu vinalia hivyo?"

Watu walicheka. Hawakukusudia, kilitoka chenyewe kicheko, kwa lile la viatu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Kisha wakakumbuka kilichofuata na kicheko kikafa. Mwanamke aliyekuwa na kovu la nyanya alijifunika uso kwa kanga.

Mlekwa alishika ubao wa mbele yake. Mwaka na zaidi amesikia maneno matatu nyuma ya duka la chumvi, akadhani amesikia yote. Walikuwa wamemkata mkewe. Walimkata kama fundi mwizi anavyokata bati, wakaezekea kipande walichokitaka, kilichobaki wakakificha.

"Mzee Mlekwa," alisema Mwamuzi. "Wewe ndiye mume. Simama. Apa kwa unachokiamini. Siku ile, mke wako alikuwa na akili timamu?"

Alisimama. Aliwaona wote. Budodi alikuwa ameinama mbele, mikono imefumbatwa. Milembe alikuwa karibu na mlango, ndoo tupu miguuni, kwa sababu hata siku ya kesi maji ni lazima. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyotiwa moyo mtoto. Upande wa Waodra wakili wao naye aliitikia, kwa sababu zake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hakuwa nazo. Maneno mawili, na mvua.

"Alikuwa nazo," Mlekwa alisema.

Ghala lilivuta pumzi kama mtu mmoja. "Mzee," alisema Budodi, nusu amesimama, "mzee wangu, hujalielewa swali."

"Nimelielewa. Alikuwa nazo kukuzidi wewe na mimi. Alisema karibu, na alimaanisha."

Ivrane alikuwa ameshainama kwenye karatasi zake. "Basi ridhaa imethibitishwa na mume," koo la shaba lilisema. "Tunashukuru."

"Mimi sijakaa, mama," Mlekwa alimwambia Mwamuzi.

"Endelea," Mwamuzi alisema.

Mlekwa alitafuta pa kuanzia. Hakuwa amepanga chochote zaidi ya uongo aliokuja nao, na uongo ule sasa ulikuwa umemtoka. Alikuwa na maneno ya mkewe tu, mapya, yangali na moto.

"Mimi Mapatano yenu sijaona hata jalada lake," alisema. "Ya wakubwa siyajui. Nasema kama mwenye nyumba, maana mwenye nyumba aliyebaki ni mimi. Mmekuja kwangu mkabisha. Mmekaribishwa, sikatai. Mmepewa kigoda. Mmeahidiwa maji, na maji mmeyachukua mpaka ya mawinguni. Yote mliyoambiwa mmeyafanya. Limebaki moja. Alisema, kisha uendelee na safari yako." Alimgeukia Ivrane. "Basi nauliza. Mgeni wa mke wangu anaondoka lini?"

Mwanamke mmoja huko nyuma, kwenye magunia, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo siku ya tatu alitakiwa ashikishwe jembe." Watu wakacheka kwa uchovu, na Ivrane akagusa koo lake la shaba, kwa maana lilikuwa limemgeuzia maneno hayo naye hakuyaona maana.

"Mapatano hayana kifungu cha kuondoka," alisema.

"Hata mimi ndivyo ninavyoyasoma," alisema Mwamuzi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo yake, akaivaa tena. Alionekana mtu aliyefikia jiwe la katikati ya mto na la mbele yake halionekani. "Ombi la kubatilisha limeanguka. Mume ameapa kwamba marehemu alikuwa timamu. Sina njia nyingine. Mwavuli utabaki."

Sauti ziliinuka. Mtu alitukana. Budodi alikaa, akatazama viatu vyake, na safari hii vilikuwa na vumbi.

"Utabaki," Mwamuzi alirudia, "kwa maneno ya ridhaa. Na maneno nimeyasikia yote leo. Kwa hiyo swali la mzee limeingia kwenye shauri, na haliwezi kutoka bila jibu."

Milembe aliinua ndoo yake. Alipita katikati ya watu, wakampisha, mpaka akafika pale Mlekwa aliposimama. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mlekwa hakujua kama ni kwa dada yake, au kwa mama Ngolo, au kwa ajili yake yeye.

"Uliniahidi, shemeji," alisema polepole, ili wengine wasisikie. "Ungesema lile moja, leo tungenyeshewa."

"Najua."

"Nimefurahi kumsikia. Mungu anajua nimefurahi. Lakini sasa nakwenda mchirizini, na nisiporudi, utamwambia nani kwamba dada yangu alikuwa na akili?"

Hakumngoja ajibu. Alitoka kwenye mwanga wa mlango, na wengine wenye ndoo wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, wakiangalia juu kwa mazoea.

Mlekwa alitaka kumfuata. Miguu ilikataa kuondoka kabla ya jibu. Alikuwa amelinunua kwa bei ambayo haikuwa yake peke yake, hilo aliliona sasa wazi kuliko alivyoliona akiwa amekaa. Kama halitajibiwa, basi amewanyima watu mvua kwa ajili ya sauti ya marehemu. Na kama litajibiwa, je? Hata hapo hakuwa na hakika.

Ivrane alikuwa anazungumza kwa lugha yake, haraka, kwenye kifaa kidogo mkononi, na kutoka huko kwao, ng'ambo ya maziwa na milima, ambako wanakaa wale wanaotuma korongo na wasiowahi kubisha mlango wowote, hakuna kilichorudi. Aliuliza tena. Wenzake walitazamana. Upande wa pili Waodra nao walikuwa wamekaa kimya mno, kama watu waliotambua kwamba wao pia, huko kwingine, wamewahi kukaribishwa.

"Wakili," alisema Mwamuzi.

"Nimeshasema, Mheshimiwa. Hakuna kifungu."

"Nimekusikia. Sikukuuliza kifungu. Nakuuliza kama alivyouliza mwenye nyumba: mgeni anaondoka lini?"